Mwongozo Kamili wa Kusimamia Vitambulisho vya Prosesa Pepe Pale KVM Inapoendeshwa Ndani ya KVM

Mashine pepe inapoendeshwa ndani ya mashine pepe nyingine, wepesi wake hutegemea mambo mengi, lakini liko moja ambalo wasimamizi wa seva hulisahau hadi siku ya shida. Ni namba ya biti 16 ambayo prosesa huibandika kwenye kila tafsiri ya anwani ya kumbukumbu inayoihifadhi, ili ijue tafsiri hiyo ni ya nani. Intel huiita VPID, yaani kitambulisho cha prosesa pepe. Ikitumika vizuri hakuna anayeiona. Ikizimwa mahali fulani kati ya seva yenyewe na mashine ya ndani kabisa, kazi zote huendelea, hakuna ujumbe wa kosa unaoandikwa popote, ila kila kitu huanza kujikokota.

Mwongozo huu ni wa anayetumia KVM, sehemu ya Linux inayoendesha mashine pepe, kwenye prosesa za Intel, na ambaye anazo haki za juu kwenye seva yake. Watumiaji wa AMD wana sehemu yao fupi karibu na mwisho. Nitatumia majina ambayo wahandisi wa KVM huyatumia kila siku: L0 ni haipavaiza, yaani programu inayoendesha mashine pepe, inayokaa juu ya chuma chenyewe, L1 ni mashine pepe ambayo nayo ina haipavaiza yake, na L2 ni mgeni wa mgeni, yaani mashine iliyomo ndani ya L1.

Kabla ya kushika amri yoyote, tutenganishe vitu ambavyo majina yao huchanganya watu. CPUID ni amri inayoieleza programu kwamba prosesa ni ya aina gani na ina uwezo gani. Namba ya APIC hutambulisha prosesa pale inapotumiwa ishara za kukatizwa. PCID ni lebo ya biti 12 ambayo mfumo endeshi huitumia kutenganisha programu zake wenyewe. VPID haihusiani moja kwa moja na yoyote kati ya hizo: ni lebo ambayo haipavaiza humpa kila prosesa pepe, na programu iliyomo ndani ya mgeni haina njia ya kuisoma wala kuibadilisha.

VPID inafanya kazi gani hasa

Kila programu inaposoma kumbukumbu, prosesa hulazimika kutafsiri anwani ya programu kuwa anwani halisi. Kwa mgeni wa mashine pepe tafsiri hiyo hupita majedwali mawili, lile la mgeni na lile la haipavaiza ambalo Intel huliita EPT. Majedwali yote mawili yakiwa na ngazi 4, tafsiri moja inaweza kuhitaji kusoma kumbukumbu hadi mara 24. Ndiyo maana prosesa huweka matokeo kwenye TLB, hifadhi ndogo iliyo karibu nayo, ili isirudie kazi hiyo kwa anwani ileile.

Tatizo hutokea pale prosesa inapomwacha mgeni na kurudi kwa mwenyeji. Bila lebo, haina namna ya kujua tafsiri ipi ni ya nani, na njia pekee ya salama ni kufagia zote kila inapoingia kwa mgeni na kila inapotoka. VPID, ambayo Intel iliileta na prosesa za Nehalem mwaka 2008, iliondoa ulazima huo. Namba 0 ni ya mwenyeji peke yake, na 65,535 zinazobaki hugawiwa prosesa pepe. Tafsiri za pande zote mbili hukaa pamoja ndani ya TLB bila kugongana, kama nguo za wateja wengi kwa dobi mmoja, kila moja na alama yake.

Jambo moja la kushika: katika KVM, VPID hupewa kila prosesa pepe, wala haipewi mashine pepe nzima. Mgeni mwenye prosesa pepe 4 huchukua namba 4. Sababu ni kwamba prosesa pepe mbili za mgeni mmoja zinaweza kupokezana kwenye prosesa moja halisi huku kila moja ikiendesha programu tofauti yenye majedwali tofauti. Wakishiriki lebo, mmoja angesoma kumbukumbu ya mwenzake.

Namba tatu, na ile moja isiyofika kwenye chuma

Sehemu hii ndiyo roho ya jambo lenyewe, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

KVM huanza kugawa VPID kutoka 1 kwenda juu. Chukua seva yenye mgeni mmoja wa L1 aliye na prosesa pepe 2. L0 itampa namba 1 na 2. Ndani ya L1 kuna KVM nyingine ambayo haijui kwamba iko ndani ya mtu. Nayo itaanza kugawa kutoka 1, na prosesa pepe ya kwanza ya L2 itapewa 1. Sasa kuna watu wawili wenye namba 1 juu ya chuma kimoja. L0 ikiiruhusu namba ya L1 ipite kama ilivyo, tafsiri za L2 na zile za L1 zitachanganyika.

Kwa hiyo L0 hairuhusu. Namba iliyochaguliwa na L1 huitwa vpid12, na huishia kwenye karatasi tu: L0 huisoma, huikumbuka, lakini haiweki kwenye prosesa. Badala yake L0 huwa na namba mbili za kweli kwa kila prosesa pepe ya L1. Ya kwanza, vpid01, hutumika wakati L1 yenyewe inafanya kazi. Ya pili, vpid02, hutengwa pale L1 inapowasha VMX, yaani amri za prosesa ya Intel za kuendesha mashine pepe, na hutumika wakati L2 inafanya kazi. Katika mfano wetu, vpid01 ni 1 na 2, na vpid02 zitakuwa 3 na 4.

Angalia kinachofuata kutoka hapo. vpid02 ni moja tu kwa kila prosesa pepe ya L1, hata kama juu ya prosesa pepe hiyo zinapokezana prosesa pepe kumi za wageni mbalimbali wa L2. L0 huushinda ufinyu huo kwa njia rahisi: hukumbuka vpid12 ya mwisho iliyotumika, na ikiona L1 imeingiza mgeni mwenye vpid12 tofauti, hufagia tafsiri za vpid02 kisha huendelea. L1 ikimwingiza tena mgeni yuleyule, hakuna kinachofagiwa. Na ikiwa L1 haikuwasha VPID kabisa, L0 hulazimika kufagia kila inapovuka kutoka L1 kwenda L2 na kila inaporudi, kwa sababu hivyo ndivyo prosesa halisi ingefanya na L1 ina haki ya kutegemea tabia hiyo.

Mvuko huo hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. L2 inapotoka, hurudi kwanza L0. L0 huikabidhi L1. L1 katika kuishughulikia hutoka tena mara kadhaa kwenda L0. Mwishowe L0 humrudisha L2. Watafiti wa IBM huko Haifa waliojenga mradi wa Turtles, ambao mwaka 2010 ulionyesha mpangilio huu ukifanya kazi kwenye KVM, waliona mapema kwamba kutoka kumoja kwa L2 huzaa kutoka kwingi kwa L1.

Hatua ya 1: Kagua chuma

Kwenye L0, andika:

    grep -m1 -ow vpid /proc/cpuinfo
    grep -m1 -ow ept /proc/cpuinfo

Kila amri inapaswa kurudisha neno moja. Ikiwa hakuna kinachorudi na prosesa si ya kale, ingia kwanza kwenye mipangilio ya fimwea (BIOS) na uwashe VT-x, jina la Intel la uwezo wa kuendesha mashine pepe, kisha uzime seva kabisa na kuiwasha upya.

Anayetaka uhakika zaidi asome rejista zenyewe kwa kutumia programu ya msr-tools:

    modprobe msr
    rdmsr -f 37:37 0x48b
    rdmsr -f 32:32 0x48c
    rdmsr -f 43:40 0x48c

Amri ya kwanza kati ya hizo za rdmsr huuliza kama VPID inaweza kuwashwa, na jibu liwe 1. Ya pili huuliza kama amri ya INVVPID, ambayo hufagia tafsiri za namba fulani, ipo. Jibu liwe 1 pia. Ya tatu hutoa aina za ufagiaji zinazokubaliwa: anwani moja, namba moja nzima, namba zote, na namba moja bila kugusa tafsiri za pamoja. Jibu f maana yake aina zote nne zipo. Ukisoma rejista ya 0x48c yote kwa pamoja, sehemu yake ya juu itaonekana kama f01, na mtu aliyezoea huitambua kwa jicho moja.

Hatua ya 2: Kagua moduli, na uamini inachosema

    cat /sys/module/kvm_intel/parameters/vpid
    cat /sys/module/kvm_intel/parameters/ept
    cat /sys/module/kvm_intel/parameters/nested

Unataka Y au 1 kwenye zote tatu. Kigezo cha nested kimewashwa chenyewe tangu Linux 4.20, iliyotoka Desemba 2018. Kwenye matoleo ya nyuma utalazimika kukiwasha mwenyewe. Uzuri wa vpid ni kwamba hakionyeshi matakwa yako tu. KVM inapopakiwa hukagua chuma, na isipokuta INVVPID yenye uwezo wa kutosha hukizima kigezo hata kama wewe uliandika 1. Unachosoma hapa ni hali halisi.

Ikiwa kinasoma N na chuma kilipita Hatua ya 1, basi kuna mtu aliyekizima. Mtafute:

    modprobe --showconfig | grep kvm_intel
    cat /proc/cmdline

Niliwahi kuhangaika siku mbili na seva ya mafunzo iliyokuwa nzito bila sababu, nikabadilisha diski, nikaongeza kumbukumbu, kumbe ndani ya saraka ya modprobe.d kulikuwa na faili lenye mstari mmoja, vpid=0, lililoachwa na mtu aliyekuwa akijaribu jambo fulani miaka ya nyuma. Tangu siku hiyo naanza na amri hizi mbili kabla ya kugusa kitu kingine.

Kurekebisha, andika mstari huu kwenye /etc/modprobe.d/kvm.conf:

    options kvm_intel nested=1 ept=1 vpid=1

Kisha zima mashine pepe zote, na upakie moduli upya:

    modprobe -r kvm_intel
    modprobe kvm_intel

Ikikataa kwa kusema kwamba moduli inatumika, bado kuna mashine pepe hai mahali fulani. Usilazimishe.

Hatua ya 3: Mpe mgeni uwezo huo

L0 ikiwa na vpid imezimwa, haitamwonyesha L1 uwezo huo hata kidogo. Ikiwa imewashwa, inabaki kazi ya kuhakikisha kwamba aina ya prosesa uliyomchagulia L1 haiufichi. Njia fupi ni kumpa L1 prosesa ya seva kama ilivyo. Kwa QEMU, programu inayounda mashine pepe juu ya KVM:

    -enable-kvm -cpu host

Kwa anayetumia libvirt, zana ya kusimamia mashine pepe, ndani ya maelezo ya mashine:

    <cpu mode='host-passthrough'/>

Njia hii inafaa kwa maabara na kwa seva inayosimama peke yake. Kwenye kundi la seva ambamo wageni huhamishwa kutoka moja kwenda nyingine, ni afadhali kuchagua jina la prosesa ambalo seva zote zinalimudu, na kutaja uwezo unaoutaka waziwazi. QEMU tangu toleo la 4.2 huruhusu kutaja kila uwezo wa VMX kwa jina lake:

    -cpu Skylake-Server,vmx=on,vmx-ept=on,vmx-vpid=on

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Mtu huchagua jina la prosesa, huongeza vmx kwa kuwa aliiona mahali, L1 huendesha L2 bila malalamiko, naye huridhika. Lakini kuwaka kwa vmx hakumaanishi kwamba kila uwezo ulio chini yake umewaka. Hatua inayofuata ipo kwa ajili hiyo.

Hatua ya 4: Ingia ndani ya L1 na urudie ukaguzi

Rudia Hatua ya 1 na ya 2 ukiwa ndani ya L1, neno kwa neno, pamoja na zile amri za rdmsr. Rejista ambazo L1 inazisoma si za chuma. Ni nakala ambayo L0 imeitengeneza kwa ajili yake, na ndiyo hasa tunayotaka kuiona. KVM ya L0 ikiwa imemfungulia L1 uwezo wote, sehemu ya juu ya 0x48c ndani ya L1 itasomeka f01, sawasawa na ile ya chuma.

Ikiwa umekodi mashine yenye uwezo huu kutoka kwa mtoa huduma wa wingu, wewe tayari uko L1, na hatua hii ndiyo pekee ya ukaguzi uliyo nayo. Ukikuta VPID haipo, huna cha kurekebisha kutoka ndani. Badilisha aina ya mashine au uulize mtoa huduma.

Hatua ya 5: Hesabu, lakini usihangaike nayo

Namba 65,535 zinaonekana nyingi, na kwa kweli ni nyingi. Seva ya mafunzo yenye wanafunzi 20, kila mmoja na L1 ya prosesa pepe 4, itatumia vpid01 80 na vpid02 80, jumla 160. Zikija kuisha, KVM humpa prosesa pepe anayefuata namba 0, maana yake humnyima VPID, na kwa vpid02 iliyokosekana hutumia vpid01 badala yake. Hakuna kinachovunjika. Ukiona mtu anasema seva yake ni nzito kwa sababu VPID zimeisha, mwombe kwanza idadi ya prosesa pepe zake. Karibu kila mara chanzo kiko kwingine.

Hatua ya 6: Pima kinachofagiwa

Sasa tunakuja kwenye kazi yenyewe. Kwenye L0, KVM huhesabu kila ufagiaji wa TLB na kila kuingia kwa L2:

    cat /sys/kernel/debug/kvm/tlb_flush
    cat /sys/kernel/debug/kvm/nested_run

Hesabu hizi ni za mashine pepe zote kwa jumla. Ndani ya saraka hiyo kuna saraka ndogo kwa kila mashine, jina lake likianza na namba ya mchakato wa QEMU, na humo utakuta hesabu za mashine hiyo peke yake. Kwenye matoleo ya zamani ya Linux huenda nested_run isiwepo. Endelea na tlb_flush.

Soma hesabu zote mbili, subiri sekunde 10 huku L2 ikifanya kazi yake ya kawaida, kisha zisome tena. Unachotafuta ni uwiano. Ikiwa tlb_flush inapanda karibu sambamba na nested_run, au kuizidi, karibu kila kuingia kwa L2 kunaandamana na ufagiaji, na VPID haifanyi kazi yake. Ikiwa nested_run inakimbia huku tlb_flush ikijongea polepole, uko salama.

Ili ujue sura ya mpangilio mbovu kabla hujakutana nao usiku wa manane, utengeneze mwenyewe. Ndani ya L1 ya majaribio, zima wageni wa L2, kisha:

    modprobe -r kvm_intel
    modprobe kvm_intel vpid=0

Washa L2, ipe kazi inayogusa kumbukumbu nyingi na kutoka mara kwa mara, mathalani kukusanya (compile) msimbo wa programu kubwa au kupokea faili zito kupitia mtandao, na usome hesabu zilezile kutoka L0. Rudisha vpid=1 na urudie kazi ileile. Tofauti ya hesabu mbili hizo kwenye seva yako mwenyewe ina maana kuliko jedwali lolote utakalolikuta kwingine, kwa sababu ukubwa wa athari hutegemea kazi: programu inayokokotoa tu bila kutoka haitaiona, na hifadhidata inayosoma kila kona ya kumbukumbu itaumia.

Baada ya hapo, angalia sababu za kutoka:

    perf kvm stat record -a sleep 10
    perf kvm stat report --event=vmexit

Kwenye orodha utakayopata, tazama majina INVVPID na INVEPT. Kila mara L1 inapotoa mojawapo ya amri hizo, hutoka kwenda L0, ambayo huifanya kwa niaba yake. Kwenye rekodi za chini, INVEPT ni sababu namba 50 na INVVPID ni namba 53, kwa hiyo anayependa trace-cmd anaweza kuchuja hivi:

    trace-cmd record -e kvm:kvm_exit -f 'exit_reason == 53' sleep 10

Namna ya kuzisoma ni hii. KVM ya L1 inayotumia EPT huitoa INVVPID kwa nadra, kwa kuwa mgeni wake anaweza kubadilisha majedwali yake mwenyewe bila kumwamsha mtu. INVVPID zikiwa nyingi mno, shuku kwanza kwamba L1 inaendesha wageni wake bila EPT, kwa njia ya zamani ya majedwali ya kivuli. Katika hali hiyo kila mgeni anapofuta tafsiri ya ukurasa mmoja, L1 huingilia kati na kufagia. Rudi ndani ya L1, soma kigezo cha ept, na hapo ndipo utakuta kidonda. INVEPT zikiwa nyingi huku INVVPID zikiwa chache, mara nyingi ni dalili kwamba prosesa pepe za L2 zinahamahama ndani ya L1, jambo linalotupeleka kwenye hatua ifuatayo.

Hatua ya 7: Zuia kuhamahama

Lebo kwenye TLB ina faida pale tu prosesa pepe inaporudi kwenye prosesa ileile iliyoacha tafsiri zake. Ikihamishiwa prosesa nyingine, KVM hulazimika kufagia, na tafsiri za zamani hazina kazi tena. Kwenye mpangilio wa tabaka mbili kuna wapangaji ratiba wawili wasiofahamiana, wa L0 na wa L1, na kila mmoja huhamisha vitu kwa sababu zake.

Funga kwanza prosesa pepe za L1 kwenye prosesa halisi:

    virsh vcpupin maabara1 0 4
    virsh vcpupin maabara1 1 5

Hapa prosesa pepe 0 ya mashine iitwayo maabara1 imefungwa kwenye prosesa halisi 4, na prosesa pepe 1 kwenye 5. Kisha ingia ndani ya L1 na ufanye vilevile kwa wageni wa L2. Kumbuka ile kanuni ya vpid02 moja kwa kila prosesa pepe ya L1: L1 yenye prosesa pepe 2 iliyobeba wageni wa L2 wenye jumla ya prosesa pepe 8 itafagia kila wanapopokezana, hata kama kila kigezo kimewashwa ipasavyo. Ukiweza, mpe L1 prosesa pepe za kutosha ili kila prosesa pepe ya L2 iliyo na kazi nzito ipate ya kwake. Kwa maoni yangu hatua hii huleta nafuu kuliko zote zilizotangulia ukiondoa ile ya kufufua VPID iliyozimwa, na ndiyo ambayo watu huiruka kwa sababu inahitaji kalamu na karatasi.

Kurasa kubwa za kumbukumbu husaidia kutoka upande mwingine, kwa kuwa tafsiri moja hufunika megabaiti 2 badala ya kilobaiti 4, na hata ufagiaji ukitokea kuna machache ya kujenga upya. Ili faida ionekane lazima ziwashwe kwenye L0 na kwenye L1 pia. EPT ambayo L0 huitumia kwa L2 hujengwa kwa kuunganisha majedwali ya pande zote mbili, na upande mmoja ukiwa na kurasa ndogo, matokeo yake ni kurasa ndogo.

Hatua ya 8: Kuhamisha L1 kwenda seva nyingine

Namba za vpid01 na vpid02 hazisafiri. Seva inayopokea hugawa zake upya, na hakuna haja ya kuzipanga zifanane. Kinachosafiri ni vpid12, kwa kuwa ni sehemu ya hali ya ndani ya L1, pamoja na ahadi ambayo L0 ya kwanza ilimpa L1 kupitia rejista za 0x48b na 0x48c. Ahadi hiyo lazima itimizwe upande wa pili. Ikiwa seva ya kwanza ilikuwa na vpid=1 na ya pili ina vpid=0, seva ya pili haiwezi kuitimiza, na uhamisho unaweza kushindikana. Kabla ya kuhamisha chochote, endesha Hatua ya 2 kwenye seva zote za kundi na ulinganishe majibu.

Kwa wanaotumia AMD

AMD huiita lebo yake ASID, na kazi yake ni ileile, 0 ikiwa ya mwenyeji. Idadi yake husomwa hivi:

    cpuid -1 -l 0x8000000a

Kwenye prosesa za Zen utaona mara nyingi 32768. Tofauti kubwa iko kwenye ugawaji. KVM ya Intel humpa prosesa pepe namba na kumwachia hadi afe. KVM ya AMD hugawa namba kwa kila prosesa halisi kivyake, na zikiisha huanza kizazi kipya: hufagia zote na kuanza kuhesabu upya. Hakuna kigezo cha vpid cha kuwasha au kuzima kwenye moduli ya kvm_amd. Kwa hiyo kazi ya msimamizi hapa ni Hatua ya 6 na ya 7. Kwa mashine zinazosimbwa kwa SEV, teknolojia ya AMD ya kusimba kumbukumbu ya mashine pepe, kanuni ni nyingine, kwani ASID hufungwa na ufunguo wa usimbaji wa mashine nzima, na idadi ya namba zinazoruhusiwa huweka kikomo cha idadi ya mashine.

Kwa anayeandika haipavaiza yake mwenyewe na kuijaribu ndani ya KVM

Makosa mawili hujirudia. La kwanza ni kuwasha biti ya VPID na kuacha namba yenyewe ikiwa 0. Kuingia kwa mgeni hushindikana na rejista ya makosa ya VMX husoma 7, yaani vigezo vya udhibiti si halali. La pili ni kutoa INVVPID ya namba moja huku ukiipa namba 0, au kutumia aina ya ufagiaji ambayo 0x48c haikuitangaza. Hapo kosa husoma 28. KVM ya L0 huiga tabia zote mbili kama chuma kinavyofanya, kwa hiyo ukizikuta ndani ya L1, tafuta kosa kwenye msimbo wako kabla ya kuishuku L0. Ukiwa bado na shaka, mkusanyiko wa majaribio uitwao kvm-unit-tests una kundi la vmx linalojaribu mambo haya moja baada ya jingine:

    ./run_tests.sh vmx

Uendeshe kwanza kwenye L0 bila msimbo wako kuwepo popote. Ukipita huko, rudi kwenye mstari wa msimbo unaoandika namba ya VPID, uongeze ukaguzi kwamba si 0, kisha ujaribu tena.